Kopo la sarafu za marehemu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na warithi

Wengi wetu hatukurithi mkusanyiko wa sarafu uliopangwa kwenye vitabu na vibao vya kioo. Tulirithi kopo la maziwa ya unga, kipande cha kaniki kilichofungwa fundo, au droo ya cherehani iliyojaa shaba. Ni chenji tupu: aliyorudishiwa babu dukani, iliyobaki kwenye mshahara wa mkonge, nauli ya treni ambayo haikutumika. Maswali haya yamejibiwa kwa kuzifikiria zaidi Tanzania, Kenya na Uganda, kwa sababu kuanzia miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1960 nchi hizo zilitumia sarafu zilezile, na makopo yao yanafanana sana.

Kopo liko mbele yangu. Nianze na nini?

Tandika shuka mezani, uzitoe kidogo kidogo kwa mkono. Usizimwage. Sarafu ya fedha iliyokaa miaka sabini bila mkwaruzo inaweza kuupata siku hiyohiyo kwa kugongana na wenzake. Kabla hujagusa kitu, piga picha kopo likiwa limejaa. Ukikuta karatasi, kitambaa au risiti iliyofungiwa sarafu, iache pamoja na sarafu zake.

Zikiwa zimetungwa kwenye uzi, usiukate. Senti moja, senti tano na senti kumi za mkoloni zilikuwa na tundu katikati, na watu walizitunga kama shanga wakaenda nazo sokoni. Tungo zima lenye uzi wake wa zamani ni nadra kuliko sarafu zilizomo, na ukishalikata hakuna wa kulirudisha.

Halafu kuna kazi ambayo haisubiri: kabla shangazi na wajomba hawajatawanyika baada ya arobaini, waulize marehemu alifanya kazi wapi, alisafiri wapi, nani alimwachia nini. Andika majina na miji. Sarafu zitakuwepo mwakani, ila shangazi mwenye kumbukumbu hana hakikisho hilo.

Zimefubaa. Nizisafishe?

Hapana.

Najua jibu hili halipendwi, maana mtu akiona shaba nyeusi mkono wake unakwenda wenyewe kwenye ndimu. Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno, sabuni ya unga na steelwool vyote vinafanya jambo moja: vinaondoa ngozi ya juu ya sarafu. Ile rangi ya kahawia iliyokolea juu ya shaba, au kijivu cha samawati juu ya fedha, imejijenga kwa miaka mingi na ndiyo inayomwonyesha mnunuzi kwamba sarafu haijachezewa. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa kwa mng'ao bapa, kama sufuria, na ukiigeuza chini ya taa utaona mistari myembamba inayokwenda upande mmoja. Mkusanyaji anaiona mistari hiyo mara moja, na bei inaanguka papo hapo.

Kama kuna udongo, loweka sarafu kwenye maji safi yaliyochemshwa yakapoa, ibadilishie maji mara kadhaa, kisha uikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini bila kusugua. Unga wa kijani unaochimba shaba ni shida nyingine: itenge sarafu hiyo na zenzake, umwonyeshe mtu anayejua.

Je, nimekuwa tajiri?

Uwezekano ni mdogo, na sababu yake haina siri. Chenji ni sarafu zilizokuwa nyingi mikononi mwa watu. Ikiwa dukani zilijaa, kopo nalo litajaa zilezile. Shilingi ya Tanzania ya 1966 yenye sura ya Mwalimu Nyerere na mwenge ilitengenezwa kwa mamilioni, vivyo hivyo zile za Kenya za mwaka huohuo zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Kale si sawa na adimu. Zile sauti za WhatsApp zinazodai kuna mzungu anainunua moja kwa milioni kumi ni porojo, na aghalabu ni mwanzo wa utapeli (tutalifikia hilo).

Lakini "uwezekano mdogo" si "haiwezekani". Zipo sarafu chache zinazojificha katikati ya za kawaida, na kwa ajili ya hizo inafaa kuangalia moja moja.

Nitajuaje sarafu ni ya enzi gani?

Hauhitaji kusoma Kijerumani wala Kilatini. Tazama picha.

Mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu: hiyo ni pesa ya shaba ya Zanzibar, zama za Seyyid Barghash. Mwaka umeandikwa kwa Hijria, ١٢٩٩ au ١٣٠٤, yaani takriban 1882 na 1887. Ina ndugu yake wa Mombasa, nayo ya mizani, iliyotolewa 1888 na kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani hiyo. Zote mbili zinapatikana sana.

Mnazi, pamoja na mwaka 1908: simama hapo. Hizi ni senti za Zanzibar za Sultani Ali bin Hamud. Zilitumika kidogo sana, na wakusanyaji wanazitafuta.

Tai na maandishi ya Kiarabu: pesa ya kampuni ya Wajerumani, 1890 hadi 1892. Taji na maneno "Deutsch Ostafrika": heller za serikali ya Kijerumani, kuanzia 1904, ambapo heller 100 zilifanya rupia moja. Ukikuta dude la shaba lenye upana wa karibu milimita 37, zito mfukoni, hiyo ni heller 5 ya 1908 au 1909. Iliyofuata ya thamani hiyo, ya 1913 na 1914, ilitengenezwa ndogo na yenye tundu.

Pembe mbili za ndovu zikizunguka tundu: senti za Afrika Mashariki ya Uingereza. Simba na milima nyuma yake: shilingi au thumni (senti hamsini) ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919. Baada ya kifo cha Mfalme George VI, thumni ilitoka ikiwa na sura ya Malkia Elizabeth kuanzia 1954, ila shilingi ya simba iliishia 1952. Kwa hiyo mtu akikwambia ana shilingi ya simba yenye sura ya Elizabeth, mwambie aiangalie tena. Atakuwa ameshika thumni.

Senti tano na kumi za 1964 hazina jina la mfalme wala malkia. Ni za kipindi kile kifupi ambapo nchi zilikuwa huru lakini benki kuu zilikuwa bado hazijaanza. Tangu 1966 kila nchi ikawa na sarafu zake.

Herufi ndogo H, KN, SA au I zina maana gani?

Ni alama za viwanda. H ni Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. SA ni Pretoria, Afrika Kusini, na I ni Bombay. Hizi mbili za mwisho utaziona zaidi kwenye miaka ya Vita vya Pili, wakati kuzileta sarafu kwa meli kutoka Uingereza kulikuwa hatari. Kwenye sarafu za Mjerumani, A ni Berlin na J ni Hamburg. Ziandike kwenye orodha yako, kwa kuwa mwaka mmoja unaweza kuwa na sarafu ya kawaida yenye herufi moja na ngumu kupatikana yenye herufi nyingine.

Shilingi ya simba ni ya fedha kweli?

Ya 1921 hadi 1946, ndiyo, lakini si fedha tupu: ni robo tu. Sarafu ina uzito wa gramu 7.78, ndani yake fedha halisi ni gramu 1.94. Zilizotoka kuanzia 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe, ingawa ukubwa na simba ni vilevile. Kwa hiyo kinachotofautisha ni mwaka. Sonara atakayekununulia kopo zima "kwa kilo" bila kutenga miaka hajakutendea haki, au hajui, na kwako matokeo ni yaleyale.

Rupia ni jambo jingine kabisa. Rupia ya Mjerumani, kama ya India, ina uzito wa gramu 11.66 na fedha yake ni zaidi ya asilimia 91. Hata iliyochakaa ina thamani ya madini.

Nimepata senti kumi ya 1936 yenye jina la Edward VIII. Si alijiuzulu?

Alijiuzulu ufalme wa Uingereza Desemba 1936 kabla hata ya kutawazwa rasmi, na Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuingia mitaani. Kwa hiyo mtu akisoma jina hilo moyo unaruka. Ila senti tano na kumi za Afrika Mashariki zina tundu katikati, hakuna nafasi ya sura, ni jina tu. Zikatengenezwa mapema na zikatumika kwa wingi. Leo utaipata kwa dola moja au mbili. Kama ningeambiwa nichague sarafu moja ya kopo lote nibaki nayo, ningechagua hii: mfalme ambaye pesa yake iliwafikia wauza mchicha wa Kariakoo na haikuwafikia watu wa London.

Za Mjerumani zina thamani gani? Nimesikia habari za dhahabu ya Tabora.

Heller moja ya kawaida ni rahisi. Rupia zinauzika vizuri, hasa Ujerumani, ambako wapo wengi wanaokusanya sarafu za makoloni yao ya zamani.

Tabora ina kisa chake. Vita vya Kwanza vilipoanza, meli za Kiingereza zilifunga pwani na sarafu kutoka Berlin zikakatika. Askari na wapagazi walihitaji kulipwa. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu, wakatengeneza heller 5 na heller 20 kwa shaba iliyopatikana, na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Heller 20 za Tabora ni za mkono mzito: ukingo haujanyooka, taji limefifia upande mmoja, herufi T ya Tabora inasomeka kwa shida. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja, na zipo nyingi kwenye makopo ya Tabora, Singida na Kigoma. Watu huzitupa wakidhani ni feki kwa sababu ni mbaya. Ubaya huo ndio ulivyo uhalisi wake. Septemba ya mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia mjini na kazi ikaisha.

Ya dhahabu ina ndovu mbele ya milima, na inauzwa kwa maelfu ya dola. Zilitengenezwa elfu kumi na sita na kidogo tu. Ndiyo maana feki zake zimejaa. Iliyo halali ina uzito wa gramu 7.17, nenda kwa sonara mwenye mizani inayosoma desimali, na kabla hujashangilia ujiulize: mtu aliyekuwa akiweka chenji angeipata wapi rupia 15 kwa mpigo?

Kuna sarafu za nchi za mbali. Babu hakuwahi kuwa mfanyabiashara.

Huenda alikuwa askari. Vijana wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, walipelekwa Somalia na Ethiopia kupigana na Waitaliano, kisha Madagascar, na mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma. Lira na senti za Kiitaliano zenye Mfalme Vittorio Emanuele III, anna za India za pembe nne, senti za Ceylon (Sri Lanka ya leo): hizo zikikaa pamoja kwenye kopo la Mnyamwezi au Mkamba, zinasimulia njia aliyopita. Ziweke pamoja. Kila moja peke yake ni ya bei ndogo, lakini zikiwa fungu moja na picha yake ya jeshi, au hata jina la kikosi tu, familia ina ushahidi ambao pengine hauko kwenye karatasi yoyote. Naomba sana fungu la namna hii lisigawanywe.

Sarafu kubwa ya fedha yenye mwanamke mnene mwenye shela na mwaka 1780 ni riali ya Maria Theresa wa Austria. Usidhani umeshika kitu cha 1780. Iliendelea kutengenezwa kwa mwaka uleule, Vienna, London, Roma, Bombay na kwingineko, kwa sababu wafanyabiashara wa Zanzibar, Omani, Yemeni na Ethiopia walikuwa wanaamini ile tu. Ina gramu 28 na fedha yake ni asilimia 83. Nyingi zimewekewa kikonyo zikavaliwa kama kidani; hapo thamani ya mkusanyaji inashuka, ya bibi haishuki.

Mtu amenipigia kuuliza kama nina rupia "inayovuta mchele".

Kata simu. Kuna hadithi ya sarafu ya zamani yenye nguvu ya ajabu, inayovuta punje za mchele au kuzima tochi, inayotafutwa na kampuni ya anga za juu. Hakuna sarafu ya namna hiyo. Mchezo ni mmoja: kwanza unasifiwa, kisha anatajwa mnunuzi wa mamilioni, kisha inakuja "ada ya kupima" ambayo wewe ndiye unayelipa. Baadaye inakuja ada ya pili.

Kwenye kundi hilohilo ziweke zile za "East India Company 1818" zenye picha za miungu ya Kihindu. Kampuni hiyo haikuwahi kutengeneza sarafu za namna hiyo. Ni vipande vya kuuzia wageni na mahujaji.

Tunagawanaje?

Kopo ni sehemu ya mirathi kama shamba na baiskeli, hata kama limekaa kwa mmoja wenu tangu msiba. Kwa Tanzania, kikao cha ukoo humpendekeza msimamizi wa mirathi na Mahakama humthibitisha. Aliyethibitishwa ndiye mwenye haki ya kuuza. Anayeuza kabla ya hapo anawauzia wenzake haki yao. Familia za Kiislamu zitafuata hisa zao kwa kadhi au sheikh wao, na kwa Kenya Mahakama ya Kadhi ipo kwa ajili hiyo.

Kiutendaji, njia yenye ugomvi mdogo ni hii. Andikeni orodha mbele ya wote. Zile chache zenye thamani ziuzwe na fedha igawanywe kwa hisa. Zilizobaki kila mtu achague moja ya kumbukumbu kwa zamu, kuanzia mkubwa. Nimeona ndugu wakinuniana juu ya shilingi ambayo sokoni haifiki bei ya soda, na kila mara kiini kilikuwa nani alimuuguza mzee.

Zinatolewa zaka?

Hilo ni la sheikh wako, lakini nenda na hesabu mkononi. Nisabu ya fedha, yaani kiwango ambacho zaka huanza kuwa wajibu, inayotajwa sana ni gramu 595. Kwa gramu 1.94 za kila shilingi ya kabla ya 1948, utahitaji kama shilingi 307 kuifikia. Makopo mengi hayafiki.

Benki itanibadilishia?

Sarafu za mkoloni, hapana. Zilishaacha kuwa fedha halali zamani.

Niuze wapi, kwa bei gani?

Kwanza itambue. Tovuti ya Numista ina picha na vipimo vya karibu kila sarafu iliyotajwa hapa, na kuitazama ni bure. Halafu tafuta bei ambayo sarafu kama yako *imeuzwa*, kwa sababu bei ya kuomba mtu anaweza kuandika lolote. Linganisha na hali ya yako bila kujipendelea: manyoya ya simba yanaonekana moja moja, au amebaki kivuli? Tofauti hiyo peke yake inaweza kuzidisha bei mara kumi.

Sonara atakupa bei ya madini, si ya sarafu. Kwa shilingi zilizochakaa inatosha, kwa rupia safi ni hasara. Kupeleka sarafu Marekani ikapimwe na kufungwa kwenye kasha la NGC au PCGS, kampuni za kupima sarafu, kunagharimu kuliko bei ya nyingi za kwetu, kwa hiyo fikiria hilo kwa dhahabu ya Tabora au senti za mnazi tu. Picha tuma, sarafu usitume kabla ya malipo.

Nyingine nimezikuta nikilima, si kwenye kopo.

Hizo zina sheria nyingine. Kwenye magofu ya pwani, hasa Kilwa na Songo Mnara, hupatikana sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, na baadhi zilifika hadi visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, zikaokotwa huko 1944. Kitu cha kale kilichotoka ardhini hulindwa na sheria za mambo ya kale. Acha kuchimba, weka alama mahali hapo, utoe taarifa makumbusho au ofisi ya mambo ya kale. Sarafu iliyong'olewa mahali pake bila maelezo haiwaambii wataalamu hata nusu ya walichotaka kujua.

Nizitunze vipi?

Mbali na chumvi na unyevu, jambo gumu ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja. Epuka mifuko laini ya plastiki yenye harufu. Baada ya miaka hutoa utelezi wa kijani unaokula shaba. Bahasha ndogo za karatasi zinafaa. Andika kwa penseli *kabla* ya kuweka sarafu ndani. Tupia vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe mara kwa mara. Shika sarafu ukingoni, vidole visiguse sura.

Na chenji za leo, nianze kuweka?

Kwa Kenya kuna sababu nzuri. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha, na Desemba 2018 zikatoka sarafu mpya: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Zile za marais bado unazipata kwenye chenji ya matatu, kwa hiyo ni rahisi kuweka seti zote mbili sasa. Tanzania anza na shilingi 500 yenye sura ya Karume, iliyotoka 2014. Ni chuma kilichopakwa nikeli, sumaku inaivuta, na ikichubuka pwani inashika kutu; iliyopita mikono mingi haitafika mbali. Omba benki wakupe ambayo haijatumika.